Nusu ya Kulia Imelala

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimekubaliwa! Naandika neno hilo mara moja tu, nisije nikaliharibu. Jana baada ya Misa nilivuka mto kwenda kwa Mzee Melkiori, njia ya Lupiro, kumwomba binti yake Eufrasia. Najua desturi ni kutuma mshenga. Mshenga wangu ni mjomba, yuko Mahenge, na kila nikimkumbusha anajibu kwamba mguu unamuuma. Mguu huo utanizeesha mimi, si yeye.

Mzee anaumwa tangu Pasaka. Alianguka shambani. Alipozinduka mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu wa kulia havina nguvu. Maneno nayo yalikwisha, likabaki moja: haya. Nilipiga magoti, nikamwambia shikamoo baba. Haya. Nikasema nimekuja kumwomba Eufrasia. Haya. Nikauliza kama naweza kuwatangazia watu wa Ifakara. Haya, tena akatikisa kichwa, lakini kichwa cha mgonjwa hakikosi kutikisika.

Mkewe, Mama Konsolata, alinishauri niende polepole, maana asubuhi ile ile Mzee aliwaambia kuku haya. Sikuona kuku wanahusika vipi.

Aliyenirudisha ng'ambo hii ni Severini, mvuvi, mwenye mabega kama mlango wa kanisa. Nilimpa habari njema tukiwa katikati ya mto. Alipiga kasia mpaka ukingoni. Kisha akaniarifu kwa upole kwamba yeye alikwenda Jumamosi, akaomba, akajibiwa haya. Nikamweleza kwamba haya yake ilikuwa ya kuitikia salamu. Akasema salamu zilikuwa zimekwisha zamani, walishafika kwenye habari za mvua. Tuliachana bila kuagana.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimepata elimu. Fridolin, dresa anayefunga vidonda hospitali, alikuja kwenye kibaraza cha duka ninaposhonea nimpunguzie suruali. Nikiwa na pini mdomoni nilimuuliza kwa nini mtu abakiwe na neno moja. Akachukua haragwe kwenye maharage yangu niliyoloweka, akalimenya, likaachana vipande viwili. Akasema ubongo uko hivyo, nusu mbili. Nusu ya kushoto inaongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia inaongoza upande wa kushoto. Nikamwambia hiyo ni kazi ya fundi aliyelewa. Akasema ndivyo tulivyoumbwa. Kwa watu wengi maneno nayo yanatengenezwa zaidi nusu ya kushoto. Mshipa ukiziba kule, mkono wa kulia unalegea na maneno yanapotea pamoja.

Nikauliza kama Mzee bado anaelewa. Anaelewa sana, akasema. Anajua anachotaka kusema ila hakipati njia ya kutokea, kwa hiyo tusimfanye mtoto.

Halafu akasema jambo lililonifanya nijichome na pini. Wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji ya kunywa, lakini ukianzisha wimbo wanaoujua wanaimba mpaka mwisho na maneno yote, kwa sababu wimbo unasaidiwa sana na nusu ya kulia.

Aliendelea kusema kwamba tusizitenganishe mno hizo nusu, kwamba katikati kuna kitu kama kamba nene inayopeleka habari huku na huku, na hakuna nusu inayolala mtu akiwa mzima. Sikumsikiliza vizuri hapo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Mpango una sehemu mbili. Kwanza, kumwimbia Mzee swali langu, ili haya yake itoke nusu iliyo nzima na isiwe na ubishi. Pili, mimi mwenyewe. Miaka yote nimefanya kazi na mkono wa kulia. Maana yake nusu yangu ya kulia imelala tangu kuzaliwa. Nikiamsha hiyo, nitakuwa na akili mara mbili ya Severini. Dawa ni mkono wa kushoto.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya pili ya mkono wa kushoto. Mkasi umekataa. Unatafuna kitambaa kama mzee asiye na meno. Nyundo ya kupigia vifungo vya chuma imenipata kidole gumba. Cherehani nimeikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajifunga kuwa kitu kama kiota cha mnana.

Mchana nilialikwa wali kwa majirani. Nikaosha mkono wa kushoto, nikauingiza sahanini. Wote wakaacha kula. Nikawaeleza habari za haragwe. Mwenye nyumba akasema haragwe anajua, bali sahani hiyo ni ya watu wote. Nikapewa kibakuli changu na kusogezwa mlangoni. Mvumbuzi lazima ateseke kidogo. Kibakuli hakikuwa na samaki.

Hata hivyo usiku naona mabadiliko. Sikio la kushoto linawasha. Bila shaka kule juu kumekucha.

Ijumaa, 7 Juni

Katekista Polikarpo amekuja kuchukua shati lake jipya la Pentekoste. Nilimshonea nikitumia kushoto tu, jambo ambalo sikumwambia, nilitaka ashangae mwenyewe. Alishangaa. Mikono yote miwili ya shati ni ya kushoto. Akiweka mkono wa kulia chini unajipinda wenyewe kuelekea mgongoni, kama mtu anayeficha kitu.

Nilimwambia ni mtindo wa Dar es Salaam. Akauliza huko Dar es Salaam wanasalimianaje. Hakuwa na shati jingine safi, akaondoka nalo.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Siku ndefu. Naandika kwa kushoto, nisamehewe mwandiko.

Kanisani Katekista alisimama kusoma habari za ndimi za moto. Alipofika kwenye upepo wa nguvu aliinua mikono, wa kulia ukamkimbia ukaenda nyuma ya kichwa. Wengine walidhani anatuonyesha upepo. Watoto hawakudhani hivyo. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo.

Baada ya Misa nikaenda mtoni. Wavushaji wengine walikuwa sikukuu, alibaki Severini. Kumwomba adui akupeleke kwa mchumba ni jambo gumu, lakini mto ni mpana. Nilimwomba pia anipe kasia nipige mimi, upande wa kushoto tu, kwa ajili ya ubongo. Alinitazama sana. Akanipa, akakunja mikono akakaa.

Mtumbwi ulianza kuzunguka. Ukazunguka tena, kama mtu aliyeangusha ufunguo majanini. Maji yakatuchukua taratibu kuelekea kwenye matete, ambako kiboko alitoa macho na masikio akatuangalia kama anavyoangalia wageni waliokosea nyumba. Severini akauliza kwa sauti ya chini kama ubongo umetosha. Nikamrudishia kasia. Alitutoa pale kwa mapigo machache tu bila kunisema hata neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa Mzee mambo yaliharibika mlangoni. Mama Konsolata alinijia na mkono umenyooshwa. Mimi, siku zote hizi nimezoea upande ule, nikampa wa kushoto! Mama mkwe wangu mtarajiwa, mkono wa kushoto. Aliurudisha mkono wake akaufuta kwenye khanga. Shikamoo yangu haikupata marahaba. Nikaonyeshwa kigoda karibu na mbuzi.

Sikukata tamaa. Mzee alikuwa amekaa kivulini kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilikohoa nikamwimbia nilichotunga: baba mpenzi, je, Teofili fundi apewe Eufrasia? Nilirudia mara kadhaa nikipandisha sauti. Mbuzi wakahama. Mzee akasema haya. Hakuimba. Alisema tu, na jicho lake zima lilinitazama kama linanihurumia.

Nataka kueleza vizuri kilichofuata. Eufrasia alikuwa upande wa pili wa ua, anapepeta mpunga. Nadhani alitaka kumsahaulisha baba yake mimi na wimbo wangu. Akaanza kuimba taratibu ule wimbo wa kufukuzia ndege, ambao kila mtu wa bonde hili aliuimba akiwa mdogo akilinda shamba: ndege nenda, ndege nenda, mpunga wangu haujaiva, ukiiva nitakuita.

Na sauti ya pili ikaingia. Nzito, ya kukwaruza kidogo. Mpunga wangu haujaiva. Ukiiva nitakuita. Maneno yote, kila neno mahali pake. Alikuwa Mzee.

Eufrasia hakugeuka. Aliendelea kuimba, mikono yake tu ndiyo iliyosimama. Waliimba mpaka mwisho, wakarudia. Mama Konsolata alitoka jikoni akakaa chini palepale mlangoni na mwiko wake, akalia. Tangu Pasaka hakuwa amesikia sauti ya mumewe ikisema kitu zaidi ya haya. Mzee mwenyewe alishika mdomo kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayehakikisha ni wake.

Mimi pia nililia. Jicho la kushoto lilitangulia. Ni dalili nzuri.

Jumatatu, 10 Juni

Nilimweleza Fridolin. Alifurahi sana akasema atakwenda kumwona Mzee siku yake ya mapumziko. Akanionya kwamba Mzee hataweza kujibu wimbo mgeni, wimbo unaosaidia ni ule uliokaa ndani yake tangu zamani, na tena uimbwe polepole na mtu anayempenda.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa tuni! Nimechukua ule wa ndege nikabadilisha maneno: Teofili njoo, Teofili njoo, binti yangu ameshaiva. Mzee akishika mwendo, ulimi utateleza wenyewe hadi kwenye jina langu. Mashahidi watakuwepo. Nimefanya mazoezi kutwa. Mwenye duka ameniomba nihamishe cherehani upande wa nyuma.

Jumatano, 12 Juni

Severini ana masikio. Nimefika leo nikamkuta ameshakaa mkekani, anamwimbia Mzee wimbo ule ule wa ndege, ila kwake anayeitwa ni Severini. Ana sauti nzuri, kwa bahati mbaya. Nikakaa upande wa pili nikaanza changu. Yeye akaongeza sauti, na mimi nikaongeza. Mzee alitazama huku, akatazama kule. Mwishowe akajivuta kwa taabu, akageukia ukuta.

Eufrasia akaja. Hakupiga kelele. Alituambia kwamba baba yake si ngoma ya kupigwa na kila mpita njia. Severini alisimama, akaomba radhi, akaenda zake mtoni. Mimi nilikuwa natafuta kofia. Eufrasia akaniuliza kama mikono yangu inajua kitu chochote zaidi ya kutikisika nikiimba, na kama inajua, nimsaidie baba kufunga shati, maana asubuhi nzima alihangaika na kifungo kwa mkono wa kushoto mpaka machozi yakamtoka, na hataki kufungiwa na mtu.

Nikakaa mbele ya Mzee. Sikuwa na mpango wowote. Nilikiangalia kile kifungo, nikaona kosa lake ni lile lile langu la Alhamisi: alikuwa anakisukuma kama anayetumia mkono wa kulia. Kushoto lazima uanze upya. Nikamwonyesha: ukubwa wa tundu kwanza, kidole kipite, kisha kifungo kilale ubavu, kidole gumba kisukume bila haraka. Kikatoka. Tukarudia. Kikatoka tena. Nilitanua tundu kidogo kwa sindano. Fridolin alikuwa ameshauri kwamba mkono mgonjwa usiachwe kando, basi tukauweka juu ya shati ushikilie kitambaa, ingawa ulikuwa mzito kama gogo.

Jua lilikuwa limeinama kifungo kilipoingia. Kimoja. Mzee alikitazama. Kisha akacheka, nusu ya mdomo inacheka na nusu inangoja, akanipiga begani kwa mkono wake wa kushoto. Nami sikuona vibaya hata kidogo.

Nikakumbuka njiani kwamba sikuzungumzia uchumba hata mara moja. Siku nzima imepotea.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda na Fridolin. Tulikuta Eufrasia ametupita wote. Kila asubuhi anashika mkono wa kushoto wa baba yake, anaupigapiga taratibu kwa mwendo wa wimbo, na kwa tuni ile ile anatia neno moja jipya. Nataka maji. Nataka uji. Anaimba naye, halafu anapunguza sauti yake, Mzee anabaki peke yake. Leo aliomba chumvi. Fridolin alisema hana la kuongeza, aendelee hivyo hivyo, na tusitegemee miujiza, baadhi ya maneno yatarudi na mengine hayatarudi.

Mama Konsolata alikuwa amemwita Severini pia. Alitwambia Mzee ana jambo lake kuhusu sisi wawili, amekuwa akilifanyia mazoezi tangu juzi. Tukakaa. Nilikaa vizuri zaidi ya Severini.

Mzee alijipigapiga pajani. Akavuta pumzi. Akaimba kwa tuni ya ndege, taratibu, akipumzika katikati:

"Muulizeni... mwenyewe."

Severini akauliza mwenyewe ni nani, ni jumbe? Mimi nikafikiri ni mwenye shamba, kwa kuwa wimbo ni wa shamba. Tulijadiliana kidogo. Severini alikuwa ameanza kunikubalia kwamba tuulize habari za mipaka ya shamba, ndipo tukasikia ungo ukiwekwa chini.

"Mwenyewe ni mimi," Eufrasia akasema. "Mmemuuliza baba asiyeweza kusema. Mmeuliza mama, mmeuliza hospitali, na nyimbo mmeziuliza. Mimi niko hapa hapa napepeta, hakuna aliyeniuliza."

Mzee akasema haya. Safari hii hakuna aliyebisha maana yake.

Severini alimgeukia Eufrasia akamuuliza, moja kwa moja, mbele ya watu. Alimjibu kwa heshima kwamba Severini ni mtu mzuri na mtumbwi wake ni mzuri, lakini moyo wa Eufrasia haupo huko. Severini akainamisha kichwa. Kisha akashukuru, akasema afadhali kujua, alikuwa ameanza kuchoka kuimba. Sijui ningekuwa mimi ningesema nini.

Nikafungua mdomo. Eufrasia akaniwahi. Akasema mimi nimempa mama yake mkono wa kushoto, nimemharibia Katekista sikukuu, nimemwimbia baba yake kama ninayeuza samaki. Nikakubali yote. Ila Jumatano nilikaa na kifungo kimoja mpaka jua likainama, wala sikumwita baba yake mgonjwa. Hilo ameliona. Kwa hiyo hajibu leo. Nije kila Jumamosi, nishughulike na mkono wa baba na kusaidia kuvuna. Mavuno yakiisha, nimuulize yeye.

"Kwa maneno ya kawaida," akasema. "Usiimbe. Usilete haragwe."

Nilimuaga Mama Konsolata kwa shikamoo na mkono wa kulia, wa kushoto nimeuficha mfukoni. Akaitikia marahaba.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetafakari siku mbili na sasa naelewa kila kitu. Nimeshinda kwa sababu ya ubongo. Mkono wa kushoto uliamsha nusu ya kulia, nusu ya kulia ikaona kifungo, kifungo kikamwona Eufrasia. Fridolin anasema hapana, nilishinda kwa kuacha kufikiria ubongo wangu kwa muda wa mchana mmoja. Madresa hawapendi fundi agundue kitu.

Lakini katika kubishana alitokwa na siri nyingine. Kumbe kisogoni kuna ubongo mdogo, peke yake, chini ya ule mkubwa, na huo ndio unaoshika mizani ya mwili mtu asianguke. Miaka yote hakuniambia! Nikauliza kama unaweza kuzoezwa. Akasema watoto wanauzoeza wakijifunza kutembea. Basi mimi nitauzoeza kwa baiskeli. Jumamosi nitaingia kwa Mzee nikiendesha juu ya tuta la mpunga, mikono yote miwili hewani, macho nimeyafumba ili ubongo mdogo ufanye kazi bila kuingiliwa. Eufrasia atakuwa anavuna. Ataona mwenyewe, wala sitakuwa nimeimba.

Maneno ya kawaida nayo nimeanza kuyatunga. Yamefika ukurasa wa tatu, na vina vimekaa vizuri.

Sina baiskeli, ila Severini anayo na amenikopesha bila kunung'unika. Nilidhani atakuwa na kinyongo, kumbe ana moyo wa kitawa. Tena kaifanyia matengenezo kabla ya kunipa. Ameondoa breki zote mbili, kwa maelezo kwamba mtu mwenye mizani nzuri zinamsumbua tu, na amesema Jumamosi hatavua samaki, atakuja kusimama pale tuta linapoishia mtoni, anishangilie.